Ngamia wa Haji Ali na Tanki la Lita 38

Katika makaburi ya Quartzsite, mji mdogo wa jangwani jimboni Arizona, kuna piramidi fupi ya mawe, na juu ya kilele chake amesimama ngamia. Tulifika pale mwezi Januari, mimi na mke wangu, tukiwa tumewahi. Tulikuwa tunakwenda kuangalia gari linalouzwa, na mwenyewe alitwambia tufike saa tano. Mke wangu, ambaye magoti yanamsumbua, alibaki kwenye gari letu na chupa ya chai. Mimi nikashuka kunyoosha miguu.

Bango lilisema Hi Jolly. Nikasoma maelezo ya chini yake, nikasimama. Hi Jolly ni Haji Ali. Wamarekani wa karne ya 19 walishindwa kulitamka jina lake, wakaligeuza kuwa kitu kinachofanana na salamu ya mtu mchangamfu, na hivyo ndivyo alivyozikwa mwaka 1902. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa hayo mara mbili. Kwenye maghala ya Phoenix, kwa miaka 22, nimeitwa majina ambayo marehemu baba yangu asingeyaitikia. Nikanyanyua mikono, nikamsomea Fatiha, nikarudi kwenye gari.

"Kuna nini?" mke wangu akauliza.

"Kuna Haji kazikwa hapa."

"Huku?" akasema, akalitazama lile jangwa la kokoto na miiba.

Gari tulilokwenda kuliangalia lilikuwa gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Nilikuwa nimestaafu mwezi Agosti. Kodi ya nyumba ilikuwa imepanda mara tatu katika miaka minne, na pensheni haikuwa imepanda pamoja nayo. Mpango wetu ulikuwa kukaa kwa binti yetu miezi ya joto, kisha miezi ya baridi tuje huku jangwani, mahali ambapo wazee wenye pensheni ndogo huegesha magari yao kuanzia vuli hadi majira ya kuchipua. Tulikuwa na dola 21,000. Fedha hizo zilikuwa na jina tayari: zilikuwa za kuezeka nyumba ya Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, ambayo kuta zake zimesimama wazi kwa miaka sita zikinyeshewa.

Dada yangu mkubwa, niliyempigia simu kumwomba radhi kabla sijakosa, aliniambia neno moja tu. "Baba alilala kwenye lori ili wewe ulale nyumbani."

Baba yetu alikuwa utingo, baadaye dereva, kwenye njia ya Dar es Salaam hadi Zambia. Sikuwa na jibu.

*

Quartzsite ina wakazi wapatao 2,400. Ukipita hapo mwezi Julai utaona vituo vya mafuta, vumbi na milango iliyofungwa. Ukipita Januari utaona jangwa zima likimetameta kwa mapaa meupe ya magari, maelfu kwa maelfu, yametawanyika bila mstari, bila uzio, bila nguzo hata moja ya umeme. Ardhi ni ya serikali kuu ya Marekani. Sehemu nyingine mtu anakaa bure, lakini kwa siku 14 tu, kisha ahame. Kusini mwa mji kuna eneo liitwalo La Posa ambalo tangu mwaka 1983 limetengwa kwa wakaaji wa muda mrefu. Unalipa ada, ambayo kwa miaka mingi imekuwa dola 180, na unaruhusiwa kukaa kuanzia tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Aprili. Miezi saba. Phoenix fedha hizo hazikupi hata wiki moja ya chumba.

Basi swali ni gari gani. Ndilo swali linaloulizwa kila jioni kwenye viti vya kukunja, na kila mtu ana jibu lake, kwa kawaida lile analokalia. Lakini katika nchi hii kavu swali hilo ni la zamani kuliko petroli. Serikali ya Marekani yenyewe ilijiuliza mwaka 1855: ni chombo gani kinachofaa kwenda na kukaa mahali pasipo na maji?

Wakati huo Marekani ilikuwa imetoka kuitwaa ardhi kubwa kutoka Meksiko, na jeshi lilikuwa na ngome zilizotengwa na mamia ya kilomita za ukame. Mizigo ilibebwa na baghala, mnyama anayezaliwa na punda na farasi. Baghala ni hodari, lakini anakunywa kila siku, na maji yake lazima yawepo njiani au abebewe. Ukimbebea maji, nafasi ya mzigo inapungua. Mwenye gari-nyumba yeyote anaijua hesabu hiyo: lita moja ya maji ni kilo moja, na kila kilo inalipiwa kwa mafuta.

Waziri wa Vita wa siku hizo, Jefferson Davis, alishauriwa kuleta ngamia. Bunge likatoa dola 30,000. Meli ya jeshi iitwayo Supply ikaenda nchi za Bahari ya Kati kununua wanyama, na mwezi Mei 1856 ikashusha ngamia 34 katika bandari ya Indianola, Texas. Shehena ya pili, ngamia 41, ilifuata mwanzoni mwa 1857. Pamoja na wanyama walikuja watu wachache wa kuwatunza, kwa sababu hakuna mwanajeshi wa Marekani aliyejua kumpigisha ngamia magoti, seuze kumfunga mzigo. Mmoja wao alikuwa Haji Ali, mzaliwa wa dola ya Waosmani, akiwa na umri wa miaka chini ya 30.

Mwaka 1857 ofisa mmoja, Edward Beale, alipewa ngamia 25 na kazi ya kupima njia ya magari ya kukokotwa, kutoka Fort Defiance hadi Mto Colorado. Sehemu ya njia ile baadaye ilikuja kuwa barabara maarufu ya Route 66. Beale aliondoka na shaka akarudi mtetezi wa ngamia. Walibeba zaidi ya kilo 250 kila mmoja. Walikula vichaka vichungu ambavyo baghala alivinusa akavipita. Walibeba maji ambayo baghala waliyanywa, na wao wenyewe hawakuyadai. Na walipofika Mto Colorado, ambako watu walidhani ngamia watazama, waliogelea hadi ng'ambo.

Sasa, msomaji, ukiangalia hesabu hiyo utasema jambo limekwisha. Chombo kimepatikana. Haikuwa hivyo. Baghala na farasi walikuwa wakishtuka kwa harufu ya ngamia, wanakata kamba na kutawanyika. Wachukuzi wa jeshi walikuwa wamezaliwa na baghala. Walijua tabia zake, matusi yake na dawa zake. Ngamia ukimpiga hasahau. Wao wakampiga, naye akawatemea mate na kuwauma, wakamwita mnyama mbaya. Kisha mwaka 1861 Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vikazuka, Davis akawa rais wa upande ulioasi, na hakuna aliyetaka tena kusikia mradi wake. Ngamia wakapigwa mnada, wengine California mwaka 1864, wengine Texas mwaka 1866. Wako waliotoroka au kuachiliwa, na kwa miaka mingi watu walikuwa wakiwaona kwa mbali jangwani na kudhani wanaota.

Haji Ali alibaki. Alijaribu kusafirisha mizigo kwa ngamia wake mwenyewe, akaongoza misafara, akatafuta madini. Mwaka 1880 alichukua uraia kwa jina la Philip Tedro, akaoa, akapata watoto. Mwisho alikuja kufia hapa Quartzsite, na mwaka 1935 idara ya barabara ya jimbo ikamjengea ile piramidi. Nami najiuliza kwa nini watu wa barabara ndio waliomkumbuka, si watu wa jeshi.

Ninapolifikiria jambo lile naona mradi haukushindwa kwa sababu ya chombo. Chombo kilikuwa sahihi kwa nchi, lakini hakikuwa sahihi kwa watu waliokabidhiwa. Wale waliokijua walikuwa wachache, mishahara yao ilicheleweshwa, na majina yao hayakutamkika.

*

Quartzsite yenyewe ilianza kama kisima. Katikati ya karne ya 19 ilikuwa ikiitwa Tyson's Wells, kwa jina la mtu aliyeshika maji ya hapo, na magari ya farasi ya abiria yalisimama kunywesha wanyama. Mke wa mwanajeshi mmoja, Martha Summerhayes, alilala hapo katika miaka ya 1870, na katika kitabu chake cha mwaka 1908 alipaeleza kama mahali pachafu na pa huzuni kuliko kwingi alikopita. Sikushangaa. Mahali penye kisima kimoja na wasafiri wengi huchafuka. Tatizo la jangwani si maji ya kunywa peke yake. Ni maji yaliyokwisha kutumika yanakwenda wapi. Jambo hilo nilikuwa sijalielewa asubuhi ile ya Januari.

Waliobuni nyumba za magurudumu nao hawakulielewa mapema. Anayetajwa sana kuwa wa kwanza kujengewa karavani kwa ajili ya starehe tu ni Gordon Stables, Mskoti, mwandishi wa hadithi za vijana. Kabla ya hapo alikuwa daktari katika meli za kivita za Uingereza, na katika miaka ya 1860 alikuwamo kwenye HMS Penguin iliyosaka majahazi ya watumwa pwani ya Msumbiji, jirani kabisa na kwetu. Mwaka 1885 alitengenezewa karavani iitwayo Wanderer, yenye uzito wa takriban tani 2, ikikokotwa na farasi wawili. Alisafiri nayo kutoka kusini mwa Uingereza hadi Inverness, Uskoti, akiwa na mtunza farasi, na mtumishi aliyetangulia kwa baiskeli ya magurudumu matatu kuangalia kama njia i wazi. Chakula cha farasi, maji na pa kulala pote palikuwa kwa wenye mashamba na wenye nyumba za wageni. Alikuwa na nyumba, lakini kila jioni alibisha hodi.

Wamarekani wakaongeza injini, na kwa injini wakaongeza uzito. Mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha gari ambalo kiti cha nyuma kilikunjuka kuwa kitanda, na mgongoni mwa kiti cha dereva kulikuwa na beseni la kunawia. Mwaka 1915 tajiri mmoja wa New York, Roland Conklin, alipakia familia yake katika Gypsy Van, dude la tani 8 lenye urefu wa mita 7.6, vitanda vya ghorofa, jiko, jenereta, gramafoni, na bustani juu ya paa. Waliondoka mwezi Agosti, wakafika San Francisco baada ya miezi miwili. Tani nane, kwenye barabara za udongo za mwaka 1915! Baba yangu angewaambia kitu kuhusu masika na tani nane.

Aliyegeuza jambo lenyewe ni Wally Byam, muundaji wa matela ya Airstream, yale ya bati ling'aalo yanayofanana na mkate wa boflo. Mwaka 1957 kampuni yake ilitoa tela lililoitwa International, lenye tanki la maji safi, gesi, maji ya moto, na, jambo lililo kubwa kuliko yote hayo, tanki la kuhifadhi uchafu wa choo mpaka upate pa kuumwaga. Hapo ndipo mtu alipoweza kulala popote bila kubisha hodi na bila kumwachia mwenye ardhi kinyesi. Miaka miwili baadaye Byam alileta msafara wa matela 41 Afrika. Walishushwa Cape Town mwaka 1959, wakapanda bara zima, wakavuka Ikweta, wakakokotana kwenye tope na mawe ya Ethiopia, ambako walipokewa na Mfalme Haile Selassie, na mwaka 1960 wakapiga picha mbele ya piramidi za Giza. Nimeitazama picha ile mara nyingi. Wenyeji waliokuwa wakisimama kando ya njia kuutazama msafara walikuwa wakiishi bila bomba na bila umeme tangu kuzaliwa, na hakuna aliyewapiga picha kwa sababu hiyo.

*

Gari la miadi yetu lilikuwa na urefu wa mita 11. Mwenyewe alikuwa mzee mjane kutoka majimbo ya kaskazini, mtu mpole, aliyesema bei kwa sauti ya chini kana kwamba anatuomba msamaha. Dola 19,500. Ukibonyeza kitufe, ukuta wa sebule unasogea nje. Televisheni mbili. Sinki mbili. Friji kubwa ya nyumbani, ya umeme mtupu. Niliketi kwenye kiti cha dereva, nikashika usukani mpana kama ungo, na nakiri nilimwona baba yangu akiniangalia.

Mke wangu hakukaa. Alisimama sebuleni, ameegemea kaunta, akauliza kwa Kiingereza chake cha moja kwa moja: tanki la maji safi ni lita ngapi?

Karibu lita 340.

Mlikuwa wangapi?

Wawili.

Zilidumu muda gani?

Siku tano, yule mzee akasema. Sita kama hawafui.

Akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili, "Hawa walikuwa wakioga au wakimwagilia?"

Mke wangu ni mtu wa Handeni. Alikua akifuata maji usiku kwenye kisima cha bondeni, na mpaka leo akiosha vyombo utadhani anatumia maji ya mtu mwingine. Katika miaka yote ya Phoenix nilikuwa nikimtania. Siku ile sikumtania.

Tukauliza ya umeme. Betri zilikuwa mbili, za kawaida za maji ya asidi, ambazo ukizitumia zaidi ya nusu ya chaji unaziua upesi. Nusu hiyo ilikuwa kama uniti moja ya umeme na kitu, ile uniti tunayonunua kwa luku. Kiyoyozi cha juu ya paa kingeimaliza kwa muda usiozidi saa moja. Paneli za sola hazikuwapo. Walikuwa wakiwasha jenereta asubuhi na jioni, kila siku, kwa ajili ya friji. Na gari lenyewe lilikwenda kilomita tatu kwa lita moja ya petroli.

Friji haikuwa jambo dogo kwetu. Natumia insulini, na ile ya akiba lazima ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Tulipokuwa tunarudi Phoenix, saa mbili za njia, ndipo mke wangu alipolikumbuka friji la zahanati ya kijijini kwao. Lilikuwa la mafuta ya taa. Chini kulikuwa na utambi na mwali mdogo, juu kulikuwa na chanjo za watoto, na yeye utotoni hakuelewa vipi moto unaleta baridi. Muuguzi alikuwa ameweka kipande cha ubao chini ya mguu mmoja ili friji lisimame sawasawa.

Chombo kile kilibuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters. Hakina mota. Joto la mwali huchemsha amonia iliyoyeyuka majini, amonia inapanda, inapoa, inashuka na kunyonya joto la kabati. Friji hiyo hiyo, sasa ikila gesi badala ya mafuta ya taa, imo katika magari-nyumba mengi ya zamani, na bado inadai kusimama sawasawa kama ilivyodai Handeni. Mtungi mmoja mdogo wa gesi unaiendesha wiki mbili au zaidi. Wapo wanaoidharau wakisema ya kisasa ni ya kompresa inayotumia betri, na kwa nyuzijoto za Julai wana hoja, kwani ya gesi huchoka hewa ikiwaka moto. Lakini sisi tulikuwa tunatafuta chombo cha Januari. Mwezi huo jua la Arizona hupita chini, upande wa kusini, na paneli iliyolala juu ya paa hupata sehemu tu ya kile ilichoahidiwa dukani. Mtu wa Tanga hazoei kufikiri kwamba jua la mchana linaweza kuwa limeinama.

*

Wiki iliyofuata mke wangu alifunga mabomba ya nyumba yetu ya kupanga. Si kwa kuyafunga kweli. Aliweka utepe mwekundu juu ya kila koki. Akajaza madumu manne ya lita 20, akayapanga jikoni, akasema tutaishi hivi siku saba, na kila kinachotoka kitaandikwa. Tuliogea ndoo na kopo. Tulitia udhu kwa birika. Maji ya kuoshea mboga yalioshea vyombo vya mwanzo. Siku ya saba akajumlisha: lita 24 kwa siku, sisi wawili, kila kitu. Wale wazee walitumia karibu 68.

Kwa siku mbili nilitembea nikijiona tumeshinda. Kisha nikasoma kanuni za La Posa vizuri, nikakuta jambo ambalo sikulitegemea. Serikali haijali umebeba maji safi kiasi gani. Inachodai ni kwamba gari liwe na tanki la maji machafu lililofungwa humo humo, lisilopungua galoni 10, yaani lita 38 hivi. Mwenye choo cha kubeba mkononi, au hema, hana ruhusa ya kukaa eneo lile isipokuwa karibu na vyoo vya umma. Gari dogo la mizigo lenye godoro, lile ambalo rafiki zangu wa kazini walinishauri kwa sababu ya bei, likaanguka hapo hapo.

Kanuni hiyo ikanifanya nihesabu upya, kutokea mwisho. Maji safi mtu anaweza kuyaongeza: madumu yanabebwa kwa gari dogo kutoka bombani na kumiminwa. Maji machafu hayaongezewi nafasi. Tanki likijaa unang'oa kambi, unafunga kila kitu, unalipeleka gari zima kwenye shimo la kumwagia, na huko Januari unapanga foleni. Na sisi ambao chooni tunatumia maji, si karatasi, tanki la choo letu lina hesabu yake ambayo hakuna muuzaji aliyewahi kuulizwa. Mke wangu aliipima hiyo pia. Sitaiandika.

Gari tulilonunua mwezi Februari ni la mwaka 1998, mita 6.7, limejengwa juu ya chesisi ya gari la mizigo, na kitanda chake kimekaa juu ya kichwa cha dereva. Nilipinga kitanda hicho kwa sababu ya magoti yake. Akanionyesha kwamba meza ya kulia inashushwa kuwa kitanda, na kwamba wa kupanda juu ni mimi. Maji safi lita 150, machafu ya sinki na kuogea 110, ya choo 95. Friji ni ya gesi. Niliweka kipimajoto ndani yake na nikalala nayo siku tatu uani kwa binti yetu kabla sijaiamini kwa dawa. Betri tulibadilisha, tukaweka za lithiamu, kitu pekee tulichonunua kipya, na paneli mbili ninazozisimamisha chini kwa gongo zikiangalia kusini. Kapeti lina alama ya moto wa pasi. Breki ziligharimu zaidi ya nilivyotaka. Kwa mwendo wa lita 24, tukijaza na madumu manne kando, tunakaa siku nane, wakati mwingine tisa, na kinachotuondoa kila mara ni tanki la machafu, siyo kiu.

Jirani yetu wa kwanza La Posa, mama mmoja mwenye gari la mita 12, alikuja siku ya sita kuuliza kama bomba letu limeharibika, maana hajatuona tukienda kujaza. Mke wangu akamkaribisha chai, akamwonyesha kopo.

Alipoondoka, mke wangu alinyanyua godoro la kiti cha nyuma, mahali tanki la maji safi linapoonekana, akachukua kalamu ya wino mzito na kupiga mistari ubavuni mwake, kutoka chini kwenda juu. Hakuandika lita wala galoni. Aliandika dumu moja, dumu mbili, mpaka saba na nusu.

Gari lilitugharimu dola 11,800, na betri, breki na paneli zikala 3,100. Sehemu ya zilizobaki nikazituma Pongwe. Wiki iliyopita dada alinipigia kwa video. Alinionyesha bati, geji 28, zimelazwa juu ya kuta, fundi amepanda na misumari mdomoni. Kisha akaniambia nimzungushie simu aone hilo basi langu. Nikamwonyesha jiko, meza, friji, dirisha lenye jangwa. Akanyamaza kidogo.

"Na choo kiko wapi?"

Nikamfungulia mlango. Akasogeza uso karibu na kioo cha simu yake.

"Kidogo," akasema. "Lakini baba hakuwa nacho."

Kisha akamwita fundi, akamwambia pembe ile ya kushoto bati halijakaa vizuri, alirudie.